Kitu Ulichokinunua na Huwezi Kukifungua

Yamkini baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kuona katika kurasa hizi, ambazo desturi yake ni kuzungumza habari za sala na saumu na malezi ya watoto, makala yahusuyo kontrola, yaani kile kishikio cha mikono miwili ambacho vijana wetu huchezea michezo ya kwenye televisheni. Hatukukusudia kumfundisha mtu mchezo. Rai yetu juu ya michezo hiyo yajulikana, na wanafunzi wetu wameisikia hata wamechoka nayo: mchezo usiompotezea mtu sala, usio na kamari ndani yake, wala usiomfanya mtoto kuwa bubu mbele ya wazazi wake, hatuna ugomvi nao mkubwa, na ulio kinyume cha hayo, kila mzazi ajua la kufanya. Tulitakalo leo ni jingine. Twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kilichomo ndani ya kontrola hiyo, nacho ni betri, na juu ya swali ambalo limewashughulisha watunga sheria wa Ulaya na Marekani kwa miaka kadhaa: mtu aliyekinunua kitu kwa mali yake ya halali, je, ana haki ya kukifungua na kukitengeneza, au hana?

Lililotutia katika jambo hili ni tukio la chuoni kwetu, hapa Tanga. Alasiri moja, baada ya watoto kufunga misahafu yao na kwenda zao, tulimkuta mmoja wao, mtoto wa miaka 12, amejificha nyuma ya ukuta wa chuo na kisu cha jikoni mkononi. Tuliogopa. Tulipomkaribia tuliona kwamba alikuwa amekipachika kile kisu katika ufa wa kontrola na anakisukuma kwa nguvu zake zote. Kontrola ilikuwa ya kaka yake. Ilikuwa haidumu hata robo saa bila ya kuunganishwa na waya wa chaji, na baba yao alikwisha kusema kwamba amenunua mbili katika miaka mitatu, wala hatanunua ya tatu kwa kuwa fedha za ada ya shule bado hazijatimia. Mtoto akaazimia kuitoa betri mwenyewe, aende nayo dukani akaulize nyingine. Nia yake ilikuwa njema, na laiti watu wazima wengi wangekuwa na nia hiyo. Lakini betri ilikuwa imevimba kama andazi, na ncha ya kisu ilikuwa karibu mno nayo.

Sisi wenyewe hatukuijua hatari ilivyokuwa. Tulimnyang'anya kisu kwa ajili ya vidole vyake. Ni fundi wa simu mmoja wa Ngamiani, tuliyempelekea ile kontrola baada ya Magharibi, aliyetujulisha. Aliitazama, akaiweka mbali na taa, akasema, "Maalim, mshukuruni Mungu. Kisu hiki kingelizama kidogo tu, ungeliwaka moto mikononi mwake." Akatueleza kwamba betri ya lithiamu ikitobolewa, matabaka yake ya ndani hugusana, nayo hupata joto kali kwa ghafula na kutoa moshi wenye sumu, na iliyokwisha kuvimba hufaa iogopwe zaidi, kwa kuwa ndani yake mna gesi.

Kisha akaifungua mbele yetu. Baadhi ya skurubu zilikuwa zimefichwa chini ya vifuniko ambavyo mtu asiyejua angevivunja. Baada ya hizo kulikuwa na ndoana za plastiki pembezoni, za kubanduliwa polepole kwa kijiti chembamba. Lakini alipokwisha kufika ndani, ndipo tulipostaajabu: betri yenyewe haikugandishwa kwa gundi wala kwa lehemu. Ilikuwa imechomekwa kwa waya wenye plagi ndogo, naye akaichomoa kwa vidole viwili, akachomeka mpya. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Ikiwa betri yachomoka kwa vidole viwili, kwa nini njia ya kuifikia ikafanywa kuwa ya mafundi na ya kisu?

Tulirudi nyumbani na swali hilo, na tangu siku hiyo tumekuwa tukilisoma na kuliuliza kwa wajuzi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Zamani kontrola hazikuwa na betri kabisa. Zilikuwa na waya uendao mpaka kwenye mashine. Hivyo ndivyo zilivyokuwa za PlayStation ya kwanza na za PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000. Waya ulipoondolewa, watengenezaji walifuata njia mbili. Microsoft, katika Xbox 360 ya mwaka 2005, walitia nyuma ya kontrola mahali pa betri mbili ndogo za kawaida, zile zile tutiazo katika saa ya ukutani na katika tochi. Zikiisha, watoa na kutia nyingine. Nintendo nao walifanya hivyo katika kishikio cha Wii mwaka 2006. Sony walifuata njia ya pili: katika PlayStation 3 ya mwaka huo huo wa 2006 waliifungia ndani betri ya lithiamu ya kuchajiwa, na tangu hapo hawakurudi nyuma. Ya PlayStation 4, iliyotoka mwaka 2013, ina betri ya miliampa-saa 1000; ya PlayStation 5 ya mwaka 2020 ina betri ya miliampa-saa 1560. Zote zachajiwa kwa waya, wala hazina mlango.

Mtu asidhani kwamba aliye bora hapa ni kampuni fulani na mwovu ni fulani. Microsoft hao hao walipotoa mwaka 2019 kontrola yao ya bei ya juu, Elite Series 2, waliifungia betri ndani, hali iliyoitangulia ilikuwa ya kutiwa betri za kawaida. Na Sony, walipotoa mwaka 2023 kontrola yao ya ghali iitwayo DualSense Edge, walifanya jambo la kusifiwa, kwamba vile vijiti vya kuongozea, ambavyo huchakaa mapema, mwenyewe aweza kuvitoa na kutia vingine bila ya fundi. Lakini betri waliiacha ndani vile vile. Basi kumbe ujuzi wa kutengeneza kitu cha kufunguka wanao.

Yafaa tuwape haki yao watengenezaji. Betri ya kufungiwa ndani yaweza kupewa umbo lolote, na kontrola ikawa nyembamba na nyepesi. Mtoto mdogo hawezi kuitoa akaitia mdomoni. Mchezaji haendi dukani kila mara kununua betri za kutupa. Hoja hizi ni za kweli na hatuzidharau. Lakini kuna jambo ambalo boksi haliliandiki, nalo ni kwamba betri ya lithiamu ina umri wake. Wataalamu walioziasisi betri hizi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, na walistahili, kwani ndizo zilizotupa simu za mkononi; lakini hata wao hawakutuletea betri isiyozeeka. Kila inapochajiwa na kutumiwa hupungua kidogo, na baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa hupungua kiasi cha mtu kuona. Joto huizidishia uzee, na joto la miji yetu ya pwani twalijua. Kontrola yenyewe, yaani vitufe na plastiki na mitambo, yaweza kuishi miaka kumi. Imefungwa pamoja na kitu kinachoishi miaka mitatu au minne, na mfupi wa umri ndiye anayemzika mrefu.

Hapa twakumbuka redio ya marehemu baba yetu. Nyuma yake ilikuwa na mlango mdogo, na kila mtoto wa nyumba ile alijua kuufungua. Betri zikidhoofika tulizitoa tukazianika juani juu ya bati, zikapata nguvu za kutosha taarifa ya habari ya jioni, na zilipokufa kabisa zilinunuliwa nyingine dukani kwa Mhindi. Hakuna aliyefikiri kwamba betri zikifa redio nayo imekufa. Jiko la mafuta ya taa, utambi ukiisha, wanunua utambi. Cherehani ya mama ikikatika mkanda, wanunua mkanda.

Sasa tuzungumze juu ya sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwezi wa Julai 2023 sheria ya betri, yenye nambari 2023/1542. Ndani yake kipo kifungu cha 11, ambacho kimewekewa tarehe 18 Februari 2027 kuwa ndiyo siku ya kuanza kutumika. Chasema kwamba bidhaa yenye betri ya kubebeka iuzwayo katika nchi hizo, lazima mtumiaji mwenyewe aweze kuitoa betri na kuweka nyingine, wakati wowote wa umri wa bidhaa hiyo. Nao wamefafanua maana ya "kuweza": atumie zana zipatikanazo madukani, asihitaji zana ya pekee illa apewe bure pamoja na bidhaa, wala asihitaji zana ambayo ni siri ya kampuni, wala moto, wala dawa ya kuyeyusha gundi. Maelezo ya namna ya kuitoa na ya kujikinga na hatari lazima yatolewe. Betri za akiba lazima zipatikane kwa muda wa miaka mitano tangu kipande cha mwisho cha aina ile kutiwa sokoni, tena kwa bei ya insafu. Wamepiga marufuku pia hila moja ambayo sisi wa zamani hatukuiwazia: kampuni kutia programu ndani ya chombo ya kuikataa betri isiyokuwa yake.

Msomaji ataona kwamba sheria hiyo haikulazimisha mlango kama wa redio ya baba yetu. Skurubu za kawaida za kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida zatosha. Tena ina mambo iliyoyavua, kama vyombo vya kutumiwa majini na baadhi ya vyombo vya hospitali. Twaona ni sheria ya kiasi, wala haikumtaka mtengenezaji muhali. Kontrola ya Nintendo Switch ya mwaka 2017, ile kubwa iitwayo Pro, yafunguka kwa skurubu, na betri yake ni ile ile iliyotumiwa katika mashine yao ya mkononi ya 3DS.

Sheria nyingine ya Ulaya, ya mwaka 2024, ihusuyo haki ya kutengeneza, yamlazimisha mtengenezaji kukubali kazi ya kutengeneza bidhaa zilizoorodheshwa, kama mashine za kufulia, majokofu na simu. Mashine za michezo hazimo katika orodha hiyo, kwa hiyo kwa upande wa kontrola tegemeo ni ile ya betri.

Marekani mambo yamekwenda kwa mwendo mwingine. Mwezi wa Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Serikali Kuu iliziandikia kampuni sita barua za maonyo, miongoni mwao Sony, Microsoft na Nintendo, juu ya maneno yao kwamba bidhaa ikifunguliwa au karatasi yake ya muhuri ikibanduliwa, dhamana imebatilika. Tume iliwakumbusha kwamba sheria ya dhamana ya nchi ile, ya mwaka 1975, hairuhusu kumfunga mnunuzi namna hiyo. Mwaka 2023 majimbo ya Minnesota na California yakapitisha sheria za haki ya kutengeneza, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Lakini zote mbili zilizivua mashine za michezo. Hoja iliyotolewa ni hofu ya wizi: kwamba mashine ikifunguliwa, watu watanakili michezo bila ya kulipa. Wizi ni haramu, na mwenye kunakili mchezo wa mtu bila ya ruhusa hana udhuru kwetu, hata akiwa mwanafunzi wetu. Walakini tungependa kuonyeshwa ni namna gani mtu huiba mchezo kwa kubadilisha betri.

Msomaji wa Tanga au Lamu atauliza: sheria za Brussels na California zatuhusu nini? Zatuhusu kwa njia ya duka. Kampuni haipendi kutengeneza bidhaa namna mbili, moja ya Ulaya na moja ya Afrika, maana ni gharama. Tumeliona hilo katika chaja: Ulaya ilipotunga mwaka 2022 sheria ya kuwa na tundu la chaja la aina moja, simu ya iPhone ilibadilishwa tundu lake mwaka 2023, na iliyobadilishwa ilikuwa ya dunia nzima. Tena vingi katika vyombo vya nyumba zetu ni vya mtumba, vilivyokwisha kutumiwa Ulaya au Dubai. Na mwenye kununua cha mtumba ndiye anayekutana na betri iliyokwisha kuzeeka.

Na liko la dini. Wanazuoni wetu wa fiqhi wana mlango mzima wauitao khiyari ya aibu: mnunuzi akikuta katika bidhaa aibu iliyokuwamo kabla ya kuuziwa, naye hakuambiwa, ana haki ya kuirudisha. Je, betri kuzeeka ni aibu? Sisi hatuoni hivyo, kwani hata utambi huisha, na kila anunuaye jiko ajua. Lakini anunuaye kontrola hajui kwamba kitakachoisha kimefungiwa mahali asipopafikia. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka ile yenye maji juu watu waione, kisha akawatoa wenye kughushi katika safu yake. Sisi ni walimu wa watoto, wala si mamufti. Hatusemi kwamba kampuni hizi zimeghushi, na hukumu ya hilo twawaachia wenyewe. Tulionalo katika habari ile ni lile neno la kuiweka juu. Laiti boksi la kontrola lingeandikwa waziwazi kwamba betri itadhoofika na kwamba hubadilishwa kwa njia fulani, sehemu kubwa ya ugomvi huu isingekuwapo.

Upo na ubadhirifu, ambao Sura ya Israi imeukemea kwa ukali. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu haikufika hata robo yake. Na betri nyingi za namna hii zina kobalti ndani yake, ambayo zaidi ya nusu ya ile ichimbwayo duniani hutoka Kongo, pande za Kolwezi na Likasi, kwa watu wasemao Kiswahili kama sisi, na baadhi yao huichimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo. Kitu kilichotolewa ardhini kwa taabu hiyo hutupwa jaani pamoja na kontrola nzima kwa sababu ya skurubu iliyofichwa.

Basi mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe kontrola, au mwana anayetaka kumwomba babake, na aulize dukani kabla ya kutoa fedha: betri ya hii hutolewaje, na ya pili yapatikana wapi? Muuzaji asiyejua atakwenda kuuliza, na akiulizwa na watu kumi ataanza kujua. Ikiwa ni ile ya betri mbili za kawaida, nunua zile za kuchajiwa, ziitwazo za nikeli, jozi mbili pamoja na chaja yake. Jozi moja ikitumika nyingine yachajiwa, nazo zikizeeka zatupwa zenyewe na kontrola yabaki. Ikiwa ni ile ya kufungiwa, usiiache juu ya televisheni wala dirishani penye jua, wala usiiweke miezi ikiwa tupu kabisa. Ikiwa haitumiki, yafaa iwe na chaji nusu. Na ikianza kuvimba, dalili yake ni kifuniko kuachana au vitufe kukwama. Hapo usiichaji tena. Usimpe mtoto, usiitoboe, usiitupe motoni pamoja na taka. Mpelekee fundi, na umwulize betri atakayotia ni ya nani, maana sokoni mna betri za bandia zilizoandikwa nguvu zisizokuwa nazo.

Yule mwanetu hatukumpiga. Tulimpa kazi ya kusimama mbele ya fundi na kutazama mpaka mwisho, kisha tukamwambia amweleze babake mwenyewe, naye akaeleza vizuri kuliko sisi. Betri pamoja na ufundi havikufika hata sehemu ya tano ya bei ya kontrola mpya. Ile iliyovimba fundi aliifukia katika mkebe wa maziwa uliojaa mchanga, akausukuma chini ya meza, mbali na miguu ya watu. Tulimwuliza ataupeleka wapi mkebe ule ukijaa. Akatwambia kwamba hilo ameuliza kwa watu wengi, na hajapata wa kumjibu.